Moteri za Umeme: Kwa Nini Umeme Mdogo Unaunguza Masini?

Siku moja ya posho, saa kumi na mbili ya jioni, tulikuwa katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa mama mmoja mwenye masini ya kusaga mahindi. Watu walikuwa wengi mlangoni, kila mmoja na beseni lake, kwani nyumbani walikuwa wakingojewa na unga wa bukari. Mara taa ikapungua, ikawa nyekundu kama kaa la moto. Masini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, ikapunguza mbio. Kijana mmoja akasema: «Mama, tuizimishe.» Mama akajibu: «Acha tu, mwanangu. Kura imekuwa kidogo, itaharibu nini? Ikirudi, masini itapata nguvu.» Zikapita dakika chache, tukasikia harufu ya rangi inayoungua. Moshi ukatoka, masini ikasimama.

Siku ya kazi moja fundi alikuja, akaifungua moteri. Waya zote zilikuwa nyeusi. Mama akamwuliza: «Papa fundi, umeme mwingi unaunguza, hiyo tunajua. Lakini umeme mdogo unaweza kuunguza namna gani?» Fundi akatikisa kichwa, akasema ndivyo ilivyo. Nasi tulinyamaza, ingawa tulikuwa tumejifunza fizika miaka mingi. Tena jioni ileile, kwa jirani, miksa ya kusaga nyanya ilipunguza mbio tu, haikuungua. Na baada ya siku mbili tukasikia kwamba frigo ya nyumba ya tatu imekufa. Umeme ni mmoja, kabini ya mtaa ni moja, lakini moteri tatu zilipatwa na mambo matatu. Basi, wasomaji wapendwa, tumeona inafaa kulijibu swali la mama yule katika kurasa hizi, na kulijibu kwa haki. Hatuna budi kuifungua moteri yenyewe na kutazama ndani.

Tuanze na jambo la msingi. Chukua waya wa shaba, upitishe umeme ndani yake, kisha uuweke karibu na sumaku: waya unasukumwa. Siri yote imo humo. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted, mwalimu wa Copenhagen katika nchi ya Denmark, aliona kwamba sindano ya dira inageuka ikiwa karibu na waya wenye umeme. Mwaka uliofuata Michael Faraday wa London aliufanya waya uzunguke sumaku ndani ya chombo chenye zebaki. Chombo kile hakikuwa na nguvu ya kufanya kazi yoyote, lakini kilizunguka, nayo ilitosha.

Nasi wa seminari tusimsahau mmoja wa kwetu. Ányos Jedlik alikuwa padri na mtawa wa Mtakatifu Benedikto katika nchi ya Hungaria. Karibu na mwaka 1828 alitengeneza kimoteri chenye vitu vitatu ambavyo moteri nyingi bado zinavyo: bobini isiyozunguka, bobini inayozunguka, na kigeuzi cha umeme katikati. Hakukitangaza, kwa hiyo wengine walipata sifa. Watawa wa shirika lake ndio waliokabidhiwa kazi ya misioni ya Katanga tangu mwaka 1910. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Kile kigeuzi kinafanya nini? Waya ukiwa kati ya ncha mbili za sumaku unasukumwa nusu ya mzunguko, kisha ungetaka kurudi nyuma. Ili uendelee mbele, lazima umeme ndani yake ugeuzwe njia kila nusu ya mzunguko. Kwa hiyo kwenye mhimili unaozunguka wanaweka pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, inayoitwa kolekteri, na juu ya pete hiyo vinakaa vipande viwili vya makaa magumu vinavyoleta umeme. Pete ikizunguka, makaa yanagusa kipande hiki, kisha kile, na umeme unageuka wenyewe. Ndiyo moteri ya umeme wa njia moja, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu kama ule wa batri. Demareri ya motokari ni ya namna hiyo. Udhaifu wake ni yale makaa: yanasuguliwa, yanaisha, na yanatoa cheche.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo vitabu vya shule vinalipita haraka, kumbe ndilo ufunguo wa swali letu. Zénobe Gramme alikuwa Mbelgiji, fundi wa mbao ambaye hakusoma sana. Yeye alitengeneza dinamo nzuri, yaani masini inayozungushwa ili itoe umeme. Katika maonyesho makubwa ya Vienna, mwaka 1873, wanasimulia kwamba waya za dinamo moja iliyokuwa ikitoa umeme zilifungwa kwenye dinamo ya pili iliyosimama. Ya pili ikaanza kuzunguka yenyewe! Watu wakafahamu kwamba dinamo na moteri ni kitu kimoja: ukiizungusha inatoa umeme, ukiipa umeme inazunguka.

Lakini fikirini vizuri, ndugu zetu. Kama moteri ni dinamo pia, basi wakati inapozunguka inatoa umeme wake yenyewe, nao unasukuma kinyume cha umeme unaoingia. Ni kama mlinzi mlangoni. Moteri ikizunguka mbio, mlinzi ana nguvu, na mkondo mdogo tu unapita. Ikisimama, mlinzi hayupo, na mkondo unaingia kama maji ya mto Lufira wakati wa mvua. Ndiyo sababu moteri nyingi, wakati zinapoanza, zinavuta mkondo mara 5 au 7 kuliko wakati zimekwisha kupata mbio. Na ndiyo sababu ukiizuia moteri isizunguke, huku umeme unaingia, inaungua.

Miksa ya jirani ni ndugu wa moteri hiyo. Ina kolekteri na makaa, lakini bobini zote mbili, ile inayozunguka na ile isiyozunguka, zimefungwa katika waya mmoja, moja nyuma ya nyingine. Umeme ukigeuka njia, zote mbili zinageuka pamoja, kwa hiyo inakubali umeme wa njia moja na umeme unaogeuka-geuka. Masini ya kutoboa chuma na masini ya kushona ya umeme zina moteri kama hiyo. Umeme ukipungua, miksa inapungua mbio, inavuta kidogo, inavumilia. Moteri za namna hii, zikiwa kubwa, zilivuta treni za umeme duniani karibu miaka mia, kwa sababu zina nguvu nyingi hasa wakati wa kuondoka.

Masini ya kusaga ni kitu kingine kabisa. Kuielewa kunataka kwanza tujue umeme wa mji wetu unatoka wapi.

Umeme wa Katanga ulianza kuwa mwingi mwaka 1930, wakati kiwanda cha Mwadingusha kilipofunguliwa juu ya mto Lufira ili kuzipa nguvu kazi za Union Minière. Viwanda vingine vikafuata, na kile cha Nseke juu ya mto Lualaba kilifunguliwa mwaka 1956. Tena waya mrefu unatoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700, ulimalizika mwaka 1982. Ajabu ni kwamba katika waya huo umeme unasafiri kwa njia moja, kama umeme wa batri, kwa volti 500.000, maana kwa safari ndefu namna hiyo ndiyo njia isiyopoteza sana. Unapofika Kolwezi unageuzwa tena. Ule unaoingia nyumbani mwetu Lubumbashi ni wa kugeuka-geuka: unakwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Na kabini ya mtaa inatoa waya tatu zenye umeme, ambazo mafundi wanaziita fazi tatu. Hazigeuki pamoja. Moja inatangulia, ya pili inafuata, ya tatu inafuata tena, kama watwangaji watatu kwenye kinu kimoja: mchi mmoja ukiwa chini, wa pili unashuka, wa tatu unapanda.

Galileo Ferraris katika mji wa Torino, na Nikola Tesla katika Marekani, waliona faida ya mwendo huo. Wote wawili waliitangaza kazi yao mwaka 1888. Ukipanga bobini tatu katika duara na kila moja ukaipa fazi yake, sumaku inayotokea haisimami pahali pamoja, bali inazunguka. Hakuna chuma kinachosogea, hakuna makaa, lakini sumaku inazunguka katika hewa tupu. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, aliweka katikati ya duara hilo kitu kisicho na waya wowote kutoka nje: fimbo za chuma chekundu zilizounganishwa kwa pete mbili, mfano wa kitundu cha ndege. Ile sumaku inayozunguka inakata fimbo zile, umeme unazaliwa ndani yake, fimbo zinakuwa sumaku nazo, na kitundu kinakimbilia kuifuata sumaku.

Sehemu isiyozunguka tuiite statori, na kitundu tukiite rotori. Rotori haifiki kamwe mbio za sumaku. Kama sumaku inazunguka mara 1.500 kwa dakika, rotori ya masini ya kusaga inazunguka mara 1.440 hivi. Ni lazima ichelewe kidogo, kwani kama ingeifikia sumaku, fimbo zisingekatwa tena, umeme ndani yake ungekufa, na nguvu ingekwisha. Kuchelewa huko ndiko chakula chake. Ukiongeza mahindi, rotori inachelewa zaidi, fimbo zinakatwa zaidi, mkondo unaongezeka, na nguvu inapatikana. Moteri hii haina akili, lakini inajua kuvuta umeme kwa kadiri ya mzigo. Tena haina kitu cha kuisha isipokuwa rulima zake. Kwa hiyo imeshinda zote: masini za kusaga, pampu, feni kubwa, vinu vya kuponda mawe ya shaba, karibu vyote vinatumika nayo.

Basi, jibu la mama wa Katuba.

Nguvu ya sumaku ya statori inatoka katika volti. Volti zikishuka, sumaku inadhoofika, na nguvu ya kuzungusha inadhoofika zaidi: inakwenda kwa volti mara volti. Moteri iliyotengenezwa kwa volti 380, ikipewa 300, inabaki na nguvu ya kuzungusha kama 62 tu kwa mia. Lakini mahindi hayakupungua! Jiwe la kusaga linadai kazi ileile. Rotori inachelewa zaidi, na kwa kuchelewa inavuta mkondo zaidi, ili kilichopungua katika volti kijazwe kwa amperi. Mtu akipanda mlima mrefu, ambako hewa ni nyepesi, anahema zaidi. Mzigo kichwani ni uleule, lakini pumzi moja haimtoshi tena. Ndivyo moteri inavyohema. Kama ilikuwa ikivuta amperi 10, itavuta karibu 13. Tena joto la waya haliongezeki kama amperi, bali kama amperi mara amperi: mahali pa 100 (yaani 10 mara 10) tunapata 169. Na feni ndogo iliyo nyuma ya moteri, ambayo kazi yake ni kuipoza, inapunguza mbio saa ileile ambapo inahitajiwa zaidi.

Waya za bobini zimefunikwa kwa rangi ngumu, nyembamba sana, ili shaba isiguse shaba. Mafundi wana kanuni kwamba kila digrii 10 za joto zinazopita kipimo, maisha ya rangi hiyo yanakatwa nusu. Kwa hiyo moteri isiyokufa leo imekwisha kufupishiwa maisha, nayo itakufa mwezi ujao katika umeme mzuri, na watu watashangaa. Rangi ikiyeyuka, shaba inagusa shaba, na kazi imekwisha. Taa ya zamani yenye uzi wa moto haina jambo hilo: ukiipa kidogo inawaka kidogo. Mama yule alipima masini yake kwa desturi ya taa. Kosa hilo ni la wengi wetu.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo, nao unaua upesi zaidi. Ni fazi moja kukatika. Moteri iliyosimama, ikipewa fazi mbili tu, inanguruma bila kuzunguka. Lakini ile iliyokwisha kupata mbio inaendelea, na mwenyewe haoni kitu. Kazi iliyofanywa na fazi tatu inafanywa sasa na mbili, mkondo wake unakuwa mara 1,7 hivi, na joto karibu mara tatu. Fundi wa kubobina akifungua maiti ya moteri anaisoma kama daktari. Bobini zote zikiwa nyeusi sawasawa, anasema: mzigo mkubwa mno, au volti ndogo. Zikiwa nyeusi mafungu mawili, na la tatu bado linang'aa, anasema: fazi imekatika. (Hivyo ndivyo zikifungwa kwa mfano wa nyota, zikifungwa kwa mfano wa pembe tatu, fungu moja tu ndilo jeusi.) Ya Katuba ilikuwa nyeusi yote. Mara nyingi kinachokata fazi ni fizibu, ule waya mwembamba uliowekwa ili uyeyuke kabla ya hatari. Na hapa tuseme wazi: mtu anayeondoa fizibu na kuweka msumari au waya mnene amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi ufunguo.

Frigo je? Nyumbani hatuna fazi tatu, tuna moja. Fazi moja haiwezi kuzungusha sumaku. Inaweza kuipeleka na kuirudisha tu, kama mlango unaofunguka na kujifunga. Kwa hiyo wanaongeza bobini ya pili, ya kusaidia, na mara nyingi kondensateri, chombo kinachotanguliza umeme wake kidogo, ili moteri ijue izunguke upande gani. Feni inayonguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kwa mkono inakubali, kondensateri yake imekufa. Haina haja ya kutupwa. Moteri ya frigo imefungwa ndani ya chungu cha chuma, haionekani, na inajiwasha yenyewe mara nyingi kila siku. Ikijaribu kuanza wakati volti ni ndogo, inashindwa kugeuka, inakaa bila mlinzi wa mlangoni tuliyemtaja, na kunywa mkondo mara 5 au zaidi. Ina kikatio kidogo cha joto, lakini kikikata na kurudisha usiku kucha, mwishowe nacho kinachoka.

Moteri kubwa za migodi zina desturi zilezile, ila zina walinzi wengi. Katika mgodi wa Kipushi, kilometa kama 30 kutoka hapa, kazi ya kwanza ya umeme si kuchimba, ni kutoa maji. Mgodi ulisimama kazi mwaka 1993, lakini pampu hazikuruhusiwa kusimama. Mwaka 2011 pampu kubwa zikakosa kufanya kazi, na maji yakapanda ndani ya mashimo. Ilichukua miaka kuyarudisha chini. Kazi ya kutoa zinki ilianza tena mwaka 2024. Njia ya treni nayo ilipata umeme mapema. Mwaka 1952 shirika la BCK liliweka waya juu ya reli kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke. Na umeme wake ulikuwa ule wa mara 50 kwa sekunde, kama wa viwanda, jambo lililokuwa bado jipya duniani.

Watu wanauliza pia juu ya motokari za umeme zinazosifiwa siku hizi. Nyingi zina rotori yenye sumaku ya kudumu, iliyotengenezwa kwa madini yanayoitwa neodimu, na kompyuta ndogo inayozungusha umeme katika bobini kwa mbio zinazotakiwa. Pampu nyingi za visima zinazotumika kwa nguvu ya jua zina moteri za namna hiyo. Wengine wanafikiri kobalti ya Kolwezi inakwenda katika moteri hizo. Sivyo: inakwenda hasa katika batri. Kinachoingia katika moteri ni shaba, nyingi sana, nayo ndiyo iliyojenga mji huu.

Turudi Katuba. Fundi alibobina moteri upya, na mama alilipa feza nyingi kuliko faida ya miezi miwili. Safari hii aliongeza relei ya joto, kisanduku kidogo kinachopimwa kwa amperi zilizoandikwa kwenye kibati cha moteri. Zikizidi kwa muda, kinakata. Aliweka pia kontakteri, ili umeme ukikatika na kurudi, masini isijiwashe yenyewe. Hilo ni jambo kubwa, kwani umeme unaporudi, frigo na pampu za mtaa mzima zinaanza pamoja, kila moja na kiu yake ya mwanzo, na volti zinashuka tena palepale.

Juma lililofuata taa ilikuwa nyekundu tena. Masini ikalia, kisanduku kikafanya «ta!», kimya. Watu walinung'unika, wengine wakachukua beseni zao wakaenda kwa jirani mwenye grupu ya mazutu. Mama alikaa kwenye kiti chake mlangoni. Saa mbili ya usiku taa ikarudi nyeupe. Alingoja dakika tano kwa saa yake, kisha akabonyeza kitufe.